Majani ya Kunde Yaliyolowa Mchana

Kabula, ng'wana wane,

Wewe uko chumba cha pili, mimi niko jikoni, na bado nakuandikia barua kama mtu aliyeko Mwanza. Nasikia shangazi yako Nyamizi anavyokusuka na wewe unavyolalamika kwamba anavuta. Vumilia. Nywele hizo ngumu umezitoa upande wangu, baba yako hana kosa. Nimekata karatasi kwenye daftari la mdogo wako, nimekaa kwenye kigoda, ungo ndio meza yangu, na kila anayeingia kuchukua moto namwambia naandika majina ya wageni.

Kwa nini naandika wakati kati yetu kuna ukuta tu? Kwa sababu kwetu anayemkalisha bibi harusi chini na kumwambia maneno ni shangazi. Mama anapika, anapokea wageni, analia kidogo mahali asipoonekana, basi. Nimekubali, sikubishana na mtu, jambo ambalo baba yako mwenyewe limemshangaza. Lakini hakuna aliyesema mama asiandike. Waliopanga mambo haya zamani hawakujua kwamba mmoja wetu atakuja kufika darasa la nne. Na mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alilishika daftari langu akalionyesha darasa zima, wavulana wakanuna. Mpaka leo nikitia sahihi mahali karani huniangalia mara mbili.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala kupiga magoti ukimpa mzee maji ya kunawa. Hayo umeshaambiwa mpaka umepiga miayo, nimesikia miayo yenyewe. Habari za kupika pia sina wasiwasi nazo. Watu wa Lalago, huko unakoolewa, hawajui wanachokipata. Siku utakayowapikia nsansa ya karanga, ile tunayoichemsha na kuianika juu ya mwamba wetu mpaka majani ya kunde yanakuwa meusi na kulia kama karatasi, siku hiyo watauliza umefundishwa na nani. Utawaambia. Usione haya kunitaja.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mboga na dawa ya pamba. Najua umeshasema moyoni, "Mama ameanza." Ndiyo, nimeanza. Soma tu mpaka mwisho, kesho kwenye gari utakuwa huna la kufanya.

Nilipoolewa hapa, dawa ya pamba ilikuja na ushirika. Ilikaa ghalani, ina mlinzi na kufuli. Msimu wa kupulizia ukifika, bwana shamba alikuja na pikipiki yake, anasimama mbele ya ghala, anatangaza kwamba wiki hii wanapulizia watu wa upande wa mlima, wiki ijayo upande wa mto. Wanaume walibeba mabomba mgongoni wakaenda kwa pamoja kama watu wa ngoma. Na sisi wanawake tulijua. Dawa ikipita upande wa mlima, tulichuma mboga upande wa mto. Ikipita mto, tulikula maziwa na dagaa mpaka mama mkwe wangu, bibi yako, aseme sasa chumeni. Hakuna aliyetueleza dawa inafanya nini ndani ya mtu. Hatukuhitaji kujua, kwa sababu siku ilijulikana.

Halafu ushirika ukalegea. Wewe ulikuwa unatambaa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Sisemi ilikuwa mbaya yote. Bati hizi zilizo juu yako zilikuja miaka ile. Ila dawa nayo ikaingia madukani. Pale Bariadi mjini uliikuta rafu moja na sukari na sabuni, imemiminwa kwenye chupa za soda, haina hata karatasi ya kusema ni nini. Mwenye hela ananunua leo, asiye nayo ananunua akiuza mbuzi. Huyu anaona funza kwenye vitumba asubuhi, anapulizia asubuhi. Jirani yake anapulizia keshokutwa. Kutangaza nani atangaze?

Na sisi wanawake, Kabula, tuliendelea kungoja tangazo. Hapo ndipo ulipo upumbavu wetu, na wangu wa kwanza. Hatukusikia pikipiki, hatukusikia mtu mbele ya ghala, kwa hiyo tukajua dawa haijapita, tukachuma.

Unajua mwenyewe kunde zetu zinakaa wapi. Tunazipanda katikati ya pamba, zinatambaa chini yake. Na jani la kunde kwetu haliombwi. Unapita kwenye shamba la mtu, unachuma ya mlo mmoja, ukimkuta unamsalimia, usipomkuta humtafuti. Mwanamke atakayekunyima jani la kunde watu wataimba jina lake.

Siku ile ulikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa. Ulipenda kunifuata mashambani kwa sababu njiani nilikuwa nakusimulia nilivyokuwa msichana, na kila safari nilikuwa naongeza. Tukamkuta Masanja, jirani yetu, anatoka shambani kwake, bomba mgongoni, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mwangaluka, Masanja."

"Mwangaluka, mayu. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka. Ng'ombe?"

"Wazima. Yule dume wenu aliyekuwa anachechemea?"

"Sasa anawakimbiza wenzake. Mke wako kifua?"

"Kimetulia. Anawasalimu."

"Napita kwako kuchuma kidogo."

"Chuma tu, mama Kabula. Kunde zimekuwa nyingi mpaka zinaisonga pamba."

Tukaagana vizuri kabisa. Tuliulizana mpaka miguu ya ng'ombe, na bomba linadondosha matone kwenye visigino vyake. Mtu akikuambia Masanja ni mbaya, kataa. Kwenye kichwa chake alikuwa amepulizia pamba. Hakuwa amepulizia mboga. Kwenye kichwa changu nilikuwa naenda kuchuma mboga, sikuwa naenda kwenye pamba. Shamba lilikuwa lile lile moja.

Tulifika jua liko utosini. Majani yamelowa, yanang'aa, hayana hata tundu moja. Mtoto, mimi nimezaliwa kijijini, najua umande unakauka saa ngapi. Niliyaona yale maji. Nikajiambia leo tumepata majani laini. Harufu ilikuwepo, ila msimu ule kila kitu kilinuka dawa, nguo za baba yako, mlango wa stoo, hata mbwa, pua ilikuwa imechoka kunusa. Nikachuma, nikakujazia kwenye kanga uliyojifunga kifuani, maji yakakupenya mpaka tumboni. Njiani tukapishana na wanawake wanatoka kisimani, nikawaonyesha.

"Angalieni majani haya. Hayana tundu hata moja."

"Wewe wadudu wanakuogopa," mmoja akasema.

"Wananiheshimu," nikamjibu.

Unakumbuka? Ulicheka mpaka ukadondosha majani mawili matatu, nikakuokotesha. Nikakuokotesha, Kabula, na hayo mawili matatu.

Yaliyofuata umeyasikia kwangu mara nyingi, na najua nikisimulia kwa wageni huwa nakimbia haraka kuliko nilivyokimbia. Ulikula kuliko wote, kwa sababu baba yako alikuwa hajarudi na mdogo wako alikuwa bado wa maziwa, na mimi huwa naonja tu mpaka nashiba kwa kuonja. Jioni ukaanza kutoa mate kama mtoto anayeota meno. Ukalowa jasho. Ukatapika, ukatetemeka, na nilipokushika uso nikakuta mboni za macho yako zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Baba yako akaingia, akakuangalia, akasema, "Huyu ametupiwa kitu. Tumpeleke Migato kwa mganga."

"Migato mbali. Hospitali hiyo hapo."

"Hospitali wanajua mambo haya?"

"Utaendesha baiskeli, au nikuendeshe wewe na mtoto?"

Akaendesha. Wewe ulikuwa kwenye kerieli, umefungwa naye kwa kanga, mimi nakimbia pembeni nimekushika mgongo. Hapo sijaongeza kitu. Nilikimbia mpaka Bariadi, na kandambili moja iko njiani mpaka leo kama haijaokotwa.

Tulipofika nesi akauliza, "Amekula nini?"

Nikasema, "Ugali na maziwa."

Na wewe, hata kichwa huwezi kukiinua, mate yanakutoka, ukafungua mdomo ukasema, "Majani ya kunde. Ya kwa Masanja."

Nesi akaniangalia. Akakuangalia wewe. "Kwenye pamba?" akauliza, na wewe ukasema ndiyo, na yeye akatoka mbio kumwita daktari, wakakuchoma sindano, wakakuvua nguo wakakuosha mwili mzima kwa sabuni. Mimi nimesimama pale na mguu mmoja hauna kiatu.

Umenitania kwa hilo miaka yote. Nikikosea jambo lolote, hata chumvi ikizidi, unaniuliza, "Maziwa gani, mama?" na nyumba nzima inacheka, na mimi nacheka kuliko wote. Lakini hatujawahi kukaa chini nikakuambia kwa nini nilisema maziwa. Leo ndiyo nakuambia. Si kwamba sikujua. Nilijua pale pale nesi alipouliza. Majani yale yalikuja machoni pangu yanang'aa. Ila nilikuwa na jina, mwanangu. Mama Kabula, mwenye mboga nzuri kuliko wote kuanzia mlimani mpaka mtoni. Nikaona wanawake wa kisimani wanasema, amempa mtoto sumu kwa mkono wake. Nikaangalia jina langu kwanza, nikakuangalia wewe baadaye. Ni kitambo kidogo tu, wewe ulishanijibia. Lakini kama ungekuwa huwezi kusema, sijui ningekaa na maziwa yangu mpaka saa ngapi.

Ulipopona, nikaamua kutengeneza mambo, na nikayatengeneza kwa namna yangu, unanijua. Nilichana kitenge changu chekundu, nikapita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia wanaume, ukipulizia shamba, funga kipande hiki kwenye mti, uusimike njia inapoingilia. Mwanamke akikiona anapita, asichume. Dawa ikiisha nguvu unakitoa. Ni akili, siyo? Mpaka sasa naona ni akili.

Asubuhi yake wakaja wazee wawili kumwona baba yako. Nikawasikia kwa nje.

"Mke wako anatembeza nini kijijini?"

"Vitambaa."

"Vitambaa vyekundu kwenye mashamba ya watu. Wewe unajua maana yake."

Kabula, sikuwa nimefikiri. Kitambaa chekundu kwenye mti, njiani, kwenye shamba la mtu. Mtoto mdogo wa Kisukuma anajua kwamba hapo pamewekwa kitu cha kumshika mwizi tumbo. Watu walikuwa wanazungukia mbali, na ng'ombe wanazungushwa. Mmoja akakiona kitambaa kwenye shamba lake ambalo hakukiweka yeye, kumbe nilimwekea mimi kwa wema, akaacha kulala kwake, akahamia kwa kaka yake. Nikaitwa kwenye kikao. Badala ya kueleza polepole nikawaambia wanaume wote pale kwamba wanawaua watoto wao kwa chupa za soda halafu wanaogopa kitambaa. Masanja alikuwa amekaa mbele. Alikuwa ameshakuja mara mbili hospitali kukuona, ameleta maziwa, na nilimtukana mbele ya watu. Baba yako alilipa mbuzi kwa ajili ya mdomo wangu, na hakunisema.

Kilichosaidia mwisho hakikutoka kwangu, hata nikikusimulia vipi. Kilitoka kwa mke wa Masanja, yule wa kifua. Siku moja asubuhi alipita kisimani, akawasalimia wanawake mmoja mmoja, na kwenye salamu akatia na hilo. "Mwangaluka. Watoto? Ng'ombe? Jana sisi tumepulizia la mtoni." Basi. Akajitwika ndoo akaondoka. Kesho yake mwingine akasema lake. Nawe umekua ukisikia hivyo, unadhani salamu za kisimani kwetu tangu zamani zilikuwa na dawa ndani yake. Hazikuwa nazo. Ni yule mwanamke asiyependa kusema ndiye aliyeiingiza, na mimi msemaji nikafuata nyuma. Nimekuandikia wewe tu hili. Ukiwasimulia watu, sema tulishirikiana.

Sasa nikueleze kwa nini silali vizuri wiki hii, na si kwa sababu ya kupika.

Tulipokwenda Lalago kwa mambo ya ng'ombe wa mahari, mama mkwe wako alitupokea vizuri sana. Ni mwanamke safi, mcheshi, mkono wake hauna uchoyo. Nilimpenda. Akanishika mkono kunionyesha nyumba, na kila alichonionyesha alikisifia kabla sijakisifia mimi, nikasema moyoni, huyu ni ndugu yangu. Akanipeleka bondeni kwenye nyanya, wifi zake wakitufuata. Zimeiva, kubwa, na mabegani zina unga mweupe kama zimepakwa poda.

"Unaona hizi?" akaniambia. "Zimepata dawa ya kutosha. Wateja wa Maswa wakiona unga huu wanajua nyanya haitaoza njiani. Zisizo na unga hawazitaki."

"Dawa gani?"

"Hii hii ya pamba. Inabaki, tutaitupa?"

Akachukua moja, akaifuta kwenye kanga, akaikata kwa mkono, akanipa nusu. Alinipa kwa upendo na yeye mwenyewe akala nusu yake. Nilikula, Kabula. Mkwe amekukatia nyanya mbele ya wifi zake, utafanya nini? Nilipokuwa natafuna nikamwangalia anavyotabasamu, nikajiona mimi nimesimama njiani nawaonyesha wanawake majani yasiyo na tundu. Hajui. Na ukimwambia atasema ugali na maziwa.

Niliangalia na mengine bila kuonyesha naangalia. Kisima kiko mbali kuliko chetu. Ukionekana unaosha nyanya kwa maji mawili, watasema binti wa Bariadi anamwaga maji waliyobeba wengine. Kunde zao ziko ndani ya pamba kama zetu. Wanaopulizia ni baba mkwe wako na wanawe. Na baba mkwe huwezi kumuuliza kitu, hata kumtazama usoni huwezi, unapita mbali na kichwa umekiinamisha. Ng'wandu mume wako utamuuliza, na yeye nimemwona, ana masikio. Muulize mkiwa wawili, umuulize kama mtu anayetaka kujua kazi za mume wake, leo ulikuwa shamba gani, kesho unakwenda lipi. Wanaume wanapenda kuulizwa hivyo, watakuhesabia mpaka mistari. Lakini Ng'wandu ni mtu wa minada. Atakwenda na ng'ombe atakaa huko, na siku hizo utaambiwa, "Mke wa Ng'wandu, kachume mboga," na hutakuwa na mtu wa kukuambia jana bomba lilipita wapi.

Nimekuwekea mbegu za kunde ndani ya kile kibuyu kidogo, chini ya mashuka. Mvua zikianza, kabla hujaonyeshwa shamba lako, omba kipande nyuma ya nyumba, karibu na zizi, mbali na pamba. Bibi harusi akiomba mahali pa kupanda mboga hakuna atakayemnyima, wataona amekuja kukaa. Zitaliwa na wadudu. Majani yatakuwa na matundu, na wifi zako watayacheka, na hapo ndipo nakuomba usirithi kwangu. Waache wacheke. Yachemshe na matundu yake, tia karanga, waache walambe vidole.

Nyanya zile zioshe, hata kama ni maji uliyobeba mwenyewe kwa safari ya ziada alfajiri. Menya ukiweza. Lakini usije ukajidanganya kwamba kuosha kunamaliza. Bwana shamba wa siku hizi, yule kijana, aliniambia dawa nyingine inaingia ndani ya tunda lenyewe, na kinachosaidia ni kungoja, kwamba ukishapulizia usivune mpaka siku zake zipite, na siku zake zimeandikwa kwenye chupa. Nikamuuliza, chupa ya soda imeandikwa nini? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kwa hiyo mwombe Ng'wandu akinunua dawa anunue ile yenye chupa yake na maandishi yake, wewe ndiye umsomee. Umesoma kuliko mimi, na mimi nasoma vizuri.

Mama mkwe wako usimwambie kitu mwaka wa kwanza. Nakuambia mimi niliyelipiwa mbuzi. Kaa naye, pika naye, mfuate kisimani, jifunze anavyosalimia. Ukishakuwa mtu wa pale, ukishazaa pengine, siku moja utaitia ndani ya salamu kama mke wa Masanja, kidogo tu, na yeye atakuwa ameshakupenda na hatasikia kama kashfa. Mimi ningemwambia siku ya pili, na ningekuwa na haki, na nisingesikilizwa mpaka leo.

Ila kungoja huko ni kwa maneno. Kwa chungu usingoje.

Itafika siku, na najua itafika kwa sababu msimu wa pamba ni mrefu, Ng'wandu yuko mnadani, wageni wamekuja, umepewa kikapu, umetumwa. Utafika shambani utakuta majani yamelowa na jua liko juu. Hutakuwa na wa kumuuliza. Nyuma yako kuna mama mkwe anayengoja mboga na wageni wanaonawa mikono. Siku hiyo usichume, Kabula. Hata kama ni jani moja la kuonyesha umekwenda. Rudi na kikapu kitupu. Watakuuliza umerudije mikono mitupu kwenye shamba lililojaa. Huwezi kusema dawa, maana utakuwa umemsema baba mkwe mbele ya wageni. Huwezi kusema unaumwa, watakutafutia mimba. Sema hujui kuchuma kunde. Sema umeona majani ukashindwa kujua yapi yameiva na yapi bado, kwa sababu mama yako hakukufundisha.

Soma tena hapo ulipofika, maana najua umedhani nimekosea kuandika.

Sema mama yangu hakunifundisha. Watashangaa, msichana wa Kisukuma hajui kuchuma kunde. Mama mkwe wako atapiga makofi mara moja hivi ya mshangao, wifi watacheka, na habari itafika Maswa kwenye soko, na kutoka Maswa itapanda lori mpaka Bariadi. Wanawake wa kisimani wataniuliza, "Mama Kabula, ni kweli tunayoyasikia? Mtoto wako hajui hata mboga?" Nimeshajiandaa. Nimejaribu hata leo asubuhi nilipokuwa nachota maji, nimejisikiliza nikisema. Nitawaambia, ndiyo, nilikuwa na shughuli nyingi, sikumfundisha. Halafu nitajitwika ndoo yangu niondoke bila kuongeza neno, na unajua nisipoongeza neno ni kazi ngumu kiasi gani kwangu.

Jina langu ni kubwa, mwanangu, nimelilea miaka mingi. Litumie. Likiisha Lalago nzima na wewe uko hai, na atakayekula kwenye chungu chako yuko hai, nitakuwa nimepata zaidi ya walichonisifia.

Shangazi yako amemaliza kusuka, nasikia anakuambia ugeuke akuone. Nakuja na mimi kukuona, na sitasema chochote, nitasema umependeza.

Mama yako